Mwalimu, mimi niko wa nani? Barua ya wazi kwa Gavana na Bunge la Texas

Mheshimiwa Gavana Greg Abbott,
Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa Bunge la Texas,

Salamu kutoka kusini mwa Houston.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi nafundisha darasa la uraia katika ukumbi wa kuazima. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongomani waliokaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Texas. Wamo Warundi, wamo Wakenya wawili, na mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Tanga niliyekula kiapo cha uraia wa nchi hii. Tunasoma kwa Kiswahili kwanza, kisha tunarudia kwa Kiingereza mpaka ulimi uzoee. Nawaandikia kwa lugha yetu kwa makusudi: nataka wanafunzi wangu waisome barua hii kabla yenu, wajue nimewasemea nini.

Katika mtihani wa uraia mwombaji anaweza kuulizwa amtaje mwakilishi wake katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Katika orodha ya maswali 100 iliyoanza kutumika 2008, lilikuwa swali la 23. Jina la rais kila mtu analo. Mji mkuu, hali kadhalika. Hili la mwakilishi ndilo linalotutoa jasho, kwa kuwa jibu lake halimo kitabuni. Linategemea mtu analala nyumba gani.

Mwezi Machi mwaka huu, baada ya kura za mchujo, mwanafunzi wangu mmoja, mama wa watoto watano, alinyoosha mkono. Mume wake ameshapata uraia, yeye bado. Akasema: "Mwalimu, bwana yangu alienda kuchagua, wakamwandikia kumi na nane. Wewe ulitufundisha tisa. Sasa mimi niko wa nani?"

Nikamweleza. Leo, na mpaka Januari 2027, mwakilishi wako ni Al Green wa Wilaya ya 9. Kura aliyopiga mumeo ni ya kumtafuta atakayekaa Washington kuanzia Januari 2027, na kwa ramani mpya nyumba yenu imo Wilaya ya 18. Akaandika nambari zote mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine, akazitazama. Halafu akauliza, "Kwani tulihama?"

Hawajahama. Wanaishi ghorofa ileile tangu walipofika. Mliohamisha ni ninyi, Waheshimiwa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wasomaji wangu wa Afrika Mashariki. Kwetu tungesema jimbo la uchaguzi, na Wakenya wangesema eneo bunge. Lakini hapa jimbo ni Texas nzima, kwa hiyo kile kipande kinachomchagua mwakilishi mmoja wa Kongresi nitakiita wilaya. Texas ina wilaya 38.

Nina jirani, mzee wa Kimarekani Mweusi, ambaye ndiye mwalimu wangu mimi. Anatunza kadi zake za mpiga kura kwenye kopo la biskuti. Kadi hizi za Texas hutumwa kwa posta kila baada ya miaka miwili, rangi ikibadilika, na juu yake kuna visanduku vidogo vyenye nambari: kituo chako, seneti ya jimbo, na kile cha kwanza anachokitazama yeye, Kongresi. Siku moja alinipangia kadi tatu mezani, kama mtu anayepanga karata. Ya kwanza, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, imeandikwa 25. Ya pili imeandikwa 9. Ya tatu, ya mwaka huu, 18. Anwani iliyochapwa kwenye zote tatu ni moja. Barazani kwake pana mti alioupanda mwenyewe, na shina lake sasa siwezi kulikumbatia.

Nikaanza kufuatilia nambari hizo. Wilaya ya 9, kabla ya uchaguzi wa 2004, ilikuwa ya Galveston na Beaumont, kule pwani karibu na Louisiana. Kisha nambari hiyo ikaletwa kusini-magharibi mwa Houston, na Al Green akaishika kuanzia 2005. Sasa ramani ya 2025 imeichukua tena na kuipeleka mashariki mwa Kaunti ya Harris, kaunti yetu ya Houston, mpaka Kaunti ya Liberty, kwa watu wengine kabisa. Wilaya ya 25, ile ya kadi ya kwanza ya mzee, ilipoondoka Houston ilikwenda kunyooshwa kutoka Austin hadi mpakani mwa Mexico, zaidi ya kilomita 400, kama utepe. Mahakama ilipolazimisha ramani kurekebishwa, ikakatwa. Na muongo uliofuata ikaelekezwa kaskazini, kuelekea vitongoji vya Fort Worth. Ukimwuliza mtu wa Texas "wewe ni wa wilaya ya ngapi," inabidi umwulize pia mwaka gani.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi mipaka isiguswe kamwe. Historia ya jimbo hili inaonyesha kwamba mpaka usiosogea nao ni dhuluma. Texas ilipojiunga na Marekani mwaka 1845 ilipewa wawakilishi wawili. Watu waliongezeka, viti vikaongezeka, ila Bunge lenu likawa zito kuipanga mipaka upya pale ambapo kufanya hivyo kungewapunguzia nguvu watu wa mashamba. Sensa ya 1960 ilipotoka, Wilaya ya 5, yaani Dallas, ilikuwa na watu 951,527 na mwakilishi mmoja. Wilaya ya 4, ya vijijini, ilikuwa na watu 216,371 na mwakilishi mmoja vilevile. Mtu mmoja wa kijijini alikuwa na uzito wa watu zaidi ya wanne wa Dallas. Aliyekwenda mahakamani kupinga hali hiyo alikuwa mwenyekiti wa chama cha Republican hapa Kaunti ya Harris, kijana aliyeitwa George H. W. Bush. Alishinda. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaweka msingi kwamba wilaya za Kongresi ziwe na idadi ya watu inayolingana, na mwaka 1966 huyohuyo Bush akachaguliwa kutoka wilaya mpya ya Houston. Waheshimiwa wa Republican, huyo ni wa kwenu. Naomba mlikumbuke hilo mnaponisoma.

Na kuna Barbara Jordan. Aligombea Bunge la Texas 1962 na 1964, mara zote mbili akaanguka, kwa kuwa wagombea wa Harris walipigiwa kura na kaunti nzima na sauti ya mitaa ya Weusi ilizama humo. Mipaka ya Seneti ya Texas ilipochorwa upya kwa amri ya mahakama, akashinda kiti humo 1966. Mwaka 1972 akachaguliwa kwenda Washington kutoka Wilaya ya 18, wilaya iliyochorwa upya katikati ya Houston. Yeye na Andrew Young wa Georgia, aliyechaguliwa mwaka uleule, walikuwa Weusi wa kwanza wa majimbo ya Kusini kuingia Kongresi tangu 1901. Jirani yangu siku hizo alikuwa akiishi ndani ya wilaya hiyo, na anaikumbuka kura hiyo kama watu wengine wanavyokumbuka harusi yao.

Aliyemfuata Jordan alikuwa Mickey Leland. Darasani kwangu jina hili halipiti kimya kimya. Mnamo Agosti 1989 alikuwa ndani ya ndege ndogo nchini Ethiopia akielekea kambi ya wakimbizi ya Fugnido, karibu na mpaka wa Sudan. Ndege ikagonga mlima. Wakafa wote 16. Ninapowaambia watu waliozaa watoto wao kambini kwamba mwakilishi wa mtaa wa hapa alikufa akienda kuwaona wakimbizi Afrika, huwa wanataka kujua kila kitu. Alikuwa na watoto? Alizikwa wapi? Kiti chake sasa anakaa nani? Hapo ndipo walipoelewa, bila mimi kuwachorea kitu ubaoni, wilaya ni nini: ni watu waliomtuma mtu.

Basi tazameni mliyoifanyia wilaya hiyo. Sheila Jackson Lee, aliyeishika tangu 1995, alifariki Julai 2024. Sylvester Turner, meya wetu wa zamani, akaapishwa Januari 2025 na kufariki tarehe 5 Machi mwaka huohuo. Mheshimiwa Gavana, ulipanga uchaguzi mdogo tarehe 4 Novemba. Haukupata mshindi wa moja kwa moja, duru ya pili ikasogea hadi 31 Januari 2026. Karibu miezi kumi na moja watu wa Wilaya ya 18 hawakuwa na mtu wa kupiga kura kwa niaba yao Washington. Ofisi ilibaki wazi, wafanyakazi wakiendelea kusaidia watu mafaili yao chini ya usimamizi wa Katibu wa Baraza, na nawashukuru. Ila hawana kura. Kwa wanafunzi wangu wanaokaa wilaya hiyo, jibu la lile swali la mtihani, miezi yote hiyo, lilikuwa: kiti kiko wazi. Niliwafundisha waseme hivyo, na niliona aibu kama mwenye nyumba aliyekaribisha wageni wakakuta jiko limezimika.

Na wakati kiti kiko wazi, ndipo mlipoivunja wilaya yenyewe. Walioipigia kura tarehe 31 Januari walipiga kwa mipaka ya zamani. Tarehe 3 Machi, wiki tano hazijatimia, mchujo ukafanyika kwa mipaka mipya.

Najua mtasema mnayo haki kisheria. Mnayo. Mwaka 2003 Bunge hili lilichora upya ramani iliyokuwa imechorwa na mahakama miaka miwili tu nyuma. Wawakilishi zaidi ya 50 wa Democratic walitorokea Ardmore, Oklahoma, ili akidi isitimie. Baadaye maseneta 11 wakaenda kujichimbia Albuquerque, New Mexico. Mwishowe ramani ikapita. Uchaguzi wa 2002 ulikuwa umewapa Democratic viti 17 na Republican 15. Wa 2004 ukawapa Republican 21 na Democratic 11. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi hiyo mwaka 2006 ilisema Wilaya ya 23 imekiuka Sheria ya Haki za Kupiga Kura, lakini kuchora katikati ya muongo, yenyewe, hakujakatazwa. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikasema mahakama za shirikisho hazitaingilia ramani iliyochorwa kwa faida ya chama. Kwa hiyo mlango uliachwa wazi, nanyi mkaingia.

Julai 2025, wakati jimbo bado linaopoa maiti za mafuriko ya Hill Country, eneo la vilima katikati mwa Texas, mliitwa kwenye kikao maalumu. Barua ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya tarehe 7 Julai ilikuwa imezitaja wilaya nne, ya 9, ya 18, ya 29 na ya 33, kwamba zina kasoro. Tatu kati ya hizo ni za Houston. Rais alitaka viti vitano zaidi kwa chama chake. Wawakilishi wa Democratic wakaondoka kwenda Illinois na majimbo mengine, kwa kuwa wajumbe 100 kati ya 150 lazima wawepo ndipo Bunge liketi. Wakarudi. Mwasilisha mswada hakuficha kwamba lengo ni kukiongezea nguvu chama cha Republican. Tarehe 29 Agosti Gavana akatia saini. Majaji watatu wa mahakama ya shirikisho ya El Paso wakaizuia ramani tarehe 18 Novemba, wawili kwa mmoja; tarehe 4 Desemba Mahakama ya Juu ikairuhusu itumike, siku nne kabla ya dirisha la wagombea kufungwa. Al Green akakuta nyumba yake imo ndani ya Wilaya ya 18, pamoja na sehemu kubwa ya watu aliowatumikia miaka 20.

Wa upande wa pili nao sitawasafisha. California ilijibu Novemba 2025 kwa kuweka kando ramani ya tume yake huru ili Democratic nao wapate viti vitano. Illinois, walikokimbilia wawakilishi wetu, ramani yake ilichorwa na chama tawala cha huko kwa faida ya chama. Ng'ombe wanapopigana, ninaowahesabu mimi ni walio chini ya kwato.

Lakini Texas ina jambo lake la pekee, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 29,145,505 katika jimbo hili. Ongezeko la miaka kumi lilikuwa watu 3,999,944, na asilimia 95 yao hawakuwa Wazungu. Kwa ongezeko hilo Texas ikapewa viti viwili vipya, kutoka 36 hadi 38, ilhali majimbo mengine yakipoteza. Sensa haiulizi mtu ana pasipoti gani. Inahesabu kila anayeishi hapa. Nilipita mlango kwa mlango mwaka ule wa korona, barakoa usoni, nikiwashawishi wanafunzi wangu wajaze fomu. Waliogopa. Mtu aliyewahi kuhesabiwa akiwa mkimbizi, akapangwa foleni na kugongwa mhuri, haipendi fomu. Nikawaambia: jazeni, hesabu hii ndiyo italeta mwakilishi karibu nanyi. Wakajaza. Wamo ndani ya zile milioni 29. Leo wengine wameshaapa, wana kadi za mpiga kura mfukoni, na mwaka uleule walipoanza kuzitumia, mstari umesogezwa ili kura zao zisaidie kidogo iwezekanavyo. Waliwafaa kwenye kuhesabiwa. Kwenye kuchagua mmewaona wengi mno.

Waheshimiwa, nawaandikia ninyi na si mwingine kwa sababu katika jimbo hili hakuna mlango mwingine. Arizona mwaka 2000 wananchi walikusanya saini, wakapiga kura, wakaunda tume ya kuchora mipaka, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha 2015. Sisi Texas hatuna njia hiyo. Mwananchi hawezi kupeleka hoja ya jimbo zima kwenye kura mpaka theluthi mbili ya kila chemba ya Bunge ikubali. Ni sawa na kesi ya ngedere kupelekewa nyani, na bado naileta, maana ndiyo baraza pekee lililopo.

Ninachoomba ni hiki. Kikao chenu cha kawaida kinafunguliwa tarehe 12 Januari 2027. Pelekeni mswada wa kubadilisha Katiba ya Texas unaosema ramani ya Kongresi itachorwa mara moja baada ya sensa, na haitaguswa tena mpaka sensa inayofuata, isipokuwa mahakama iamuru. Hilo peke yake lingempunguzia jirani yangu kadi moja kwenye kopo lake. Kisha ondoeni kalamu mikononi mwenu. Iowa tangu 1980 ramani huandaliwa na watumishi wa kitaalamu wa Bunge, ambao hawaruhusiwi kutazama wapiga kura ni wa chama gani wala mwakilishi aliyepo anakaa mtaa gani. Wabunge hubaki na haki ya kuikubali au kuikataa. Iowa si jimbo la wapinzani wenu, linaongozwa na Republican, na halijafilisika kwa kufanya hivyo. Katiba yetu wenyewe ina Bodi ya Mipaka inayoshika kazi pale Bunge linaposhindwa kuchora wilaya zake. Kwa viti vya Kongresi haina mamlaka. Mkitaka pa kuanzia, pameshajengwa nusu.

Na kuhusu viti vilivyo wazi: wekeni ukomo wa siku katika sheria. Mtu akifariki, gavana yeyote wa chama chochote asiwe na nafasi ya kuchagua mwezi unaomfaa.

Mama yule wa watoto watano ana miadi ya usaili wake kabla ya mwaka huu kuisha. Tumekubaliana akiulizwa ataje jina la leo, Al Green, kwa sababu ndilo sahihi mpaka Januari. Jina la pili ameliacha nafasi kwenye daftari, mstari mtupu wenye nambari 18 pembeni. Njooni Jumamosi moja mmweleze ninyi kwa nini. Viti vipo, nami nitawafasiria.

Wenu katika ujenzi wa jimbo hili,
Mwalimu wa darasa la uraia, Houston